Faili la Kila Ijumaa

Shemeji yangu hasahau. Naanza na hilo kwa sababu wanaosimulia habari zake kule kiwandani huanza na kompyuta, na kompyuta sio mwanzo wa mambo haya. Kuna duka moja la viatu mtaani kwetu ambalo hajalikanyaga kwa miaka kumi na moja, kwa sababu muuzaji aliwahi kumwambia kwamba mguu wake ni wa kiume. Duka limebadilisha mwenyewe mara mbili, muuzaji yule alishahama mji, na shemeji bado akifika pale huvuka barabara. Mke wangu, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, husema dada yake alizaliwa na daftari moyoni. Zamani nilikuwa nacheka nikisikia hivyo.

Kazini walimwita Mama Seva. Ni kiwanda cha magodoro, si kikubwa wala si kidogo, watu mia mbili themanini ukihesabu na madereva. Mimi niko ofisi ya manunuzi. Nanunua gundi, sponji, vitambaa na karatasi za printa, na pia programu za kompyuta, ambazo huwezi kuzishika wala kuziweka kwenye mizani lakini mikataba yake ni minene kuliko bidhaa zetu za bei ya chini. Kazi hii niliipata kwa sababu shemeji alinisemea kwa mkurugenzi. Nalitaja hilo mapema mtu asije akadhani sijui fadhila.

Alipoanza pale alikuwa mpiga chapa. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa kuzifungua, kuziharibu na kuzirudisha kabla wakubwa hawajarudi kutoka chakula cha mchana. Baada ya miaka kadhaa ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha seva, kile chumba nyuma ya idara ya kufungasha, chenye viyoyozi viwili vinavyodondosha maji kwenye ndoo. Humo zilikuwemo mashine kumi na moja. Moja ilikuwa ya mishahara, moja ya ghala, moja ya barua pepe, moja ya ankara, na kadhalika. Kila moja ilikuwa na kazi yake na joto lake, na ikifa moja, idara nzima ilikuwa inakunja mikono ikimsubiri mama mmoja mwenye bisibisi.

Akasema hapana, hali hiyo haiwezi kuendelea. Kwa miezi tisa alihamisha kazi zote kumi na moja zikaingia ndani ya mashine tatu mpya zenye nguvu. Nilipomuuliza inawezekanaje, alinieleza kwa uvumilivu ambao hakuwa nao kwa watu wengine. Chuma ni nyumba tu, alisema. Kompyuta yenyewe ni mpangaji. Nyumba moja yaweza kuwa na wapangaji wanne, kila mmoja ana mlango wake na hajui habari za mwenzake, na nyumba ikiharibika unawahamishia nyumba ya pili hata chai yao haijapoa. Hao ndio wanaoitwa mashine pepe. Siku alipozima ile ya mwisho kati ya zile za zamani, chumba kilikuwa kimya hata tukasikia ndoo ikidondokewa na tone.

Mkataba wa leseni tuliuandika pamoja, yeye na mimi, kwenye meza yangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kununua programu ya seva si kama kununua gundi. Leseni unainunua, lakini inafungwa kwenye nyumba, si kwa mpangaji. Ukitaka mpangaji ahame na leseni yake kila anapotaka, unalipia juu yake mkataba wa matunzo kila mwaka. Usipoulipia, leseni ikishawekwa kwenye mashine fulani inakaa hapo siku tisini ndipo iruhusiwe kuhama, na mpangaji akihama kabla ya hapo anaishi bila kibali. Mkataba huo wa matunzo una mafao mengine pia, kama matoleo mapya bila kununua upya, na nakala ya akiba pahali pengine endapo kiwanda kitaungua. Na kwenye ukurasa wa thelathini na moja, kwa herufi ndogo za kutafuta kwa miwani, kulikuwa na nafasi moja ya mafunzo kila mwaka, wiki mbili, pamoja na mtihani na cheti.

Hakuna mtu aliyewahi kufika ukurasa wa thelathini na moja. Shemeji alifika. Alikuja ofisini kwangu ameshika ule ukurasa kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nikamwona amelegea uso. Aliniambia kwamba kwa miaka yote hiyo amefanya kazi ya watu wenye vyeti, na yeye cheti chake pekee ni cha kupiga chapa. Alitaka tu karatasi moja iseme kwamba yeye ni yule ambaye tayari ni yeye. Akaomba nafasi ile kwa maandishi, akakubaliwa. Akasoma miezi minne, kantini, kwenye foleni ya benki, sebuleni kwetu huku mdogo wake akimsuka.

Sasa nimtaje Mtaalamu. Alikuwa msaidizi wake, mtu wa miaka thelathini na nne, mwenye mashati ya kubana na meno mazuri, aliyeajiriwa kutoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Jina hilo tulimpa wenyewe, kwa sababu kila sentensi yake ilianza na neno kitaalamu. Kitaalamu, mvua itanyesha. Kitaalamu, mchezaji yule auzwe. Shemeji alimfundisha kila kitu alichokijua, kwa uvumilivu uleule aliokuwa nao kwangu. Na Mtaalamu, wiki moja kabla ya safari ya mafunzo, akapanda ghorofani kwa mkurugenzi akamwambia kwamba mama yule ameshapita hamsini, mafunzo yatampotea bure, kampuni imwekeze mtu mwenye miaka mingi mbele. Mkurugenzi akafuta jina moja akaandika jingine.

Shemeji aliipata habari kwenye ubao wa matangazo, akiwa amesimama nyuma ya watu wa kufungasha wanaosoma zamu zao. Mtaalamu akaenda, akarudi na cheti kwenye fremu, na baada ya miezi sita akawa mkuu wa idara ya kompyuta. Shemeji akaachiwa ufunguo wa chumba na kazi ya kumwaga ndoo. Yule aliyefundishwa naye kutofautisha kebo ya umeme na ya mtandao sasa alikuwa anamtumia ujumbe, amletee ripoti kabla ya saa nne. Mimi nilimchukia mtu yule tangu siku hiyo, na sioni haya kusema kwamba bado namchukia.

Mkuu mpya lazima aonekane anafanya jambo. Mtaalamu alifanya mawili, na akayatangaza yote kwenye kikao cha Jumatatu cha wakuu wa idara. La kwanza, ameukatisha mkataba wa matunzo, kwa sababu tunalipia kitu ambacho hatukitumii. La pili, amewasha mtambo unaowahamisha wapangaji, kutoka nyumba iliyoelemewa kwenda yenye nafasi, bila mkono wa mtu. Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shemeji, ambaye aliitwa pale kuja kubonyeza picha za projekta ukutani tu, akanyoosha mkono.

Alieleza kwa ufupi na kwa adabu. Ukikata matunzo unaweza kuishi. Ukiwasha kuhamahama unaweza kuishi. Ukifanya yote mawili, kila mpangaji anayehama anatoka kwenye leseni yake, na hawa wanahama mara nne kwa siku. Mtaalamu alimsubiri amalize, akatabasamu na kuwageukia wenzake mezani.

"Mama, kitaalamu, leseni sio mbuzi. Huifungi kamba kwenye chuma."

Watu wakaangua kicheko. Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nilicheka. Sikucheka sana, nilicheka kile kicheko kifupi cha mtu anayetaka kuonekana yuko chumba kimoja na wakubwa, na kabla kikao hakijaisha nilikuwa nimeshakisahau. Shemeji alikaa, akaendelea kubonyeza picha zilizobaki. Hilo jambo hakulisema tena.

Ijumaa ya wiki ile alianza faili lake. Mashine zile huandika kila kitu. Huandika mpangaji gani, ametoka nyumba ipi, ameingia ipi, saa ngapi, dakika ngapi. Kila Ijumaa, wenzake wakishatoka kwenda kula, alikuwa anachapa orodha ya wiki nzima, anaitoboa matundu, anaiweka kwenye faili la kijani, na juu ya kila ukurasa anaandika tarehe na maneno mawili matatu kwa kalamu. Faili lilikaa kwenye kabati la kebo za zamani, mahali ambapo Mtaalamu hakuweza kufika kwa sababu kuna vumbi na mashati yake ni meupe. Haya mimi sikuyajua wakati huo. Niliona tu kwamba shemeji amenenepa kidogo na analala vizuri, nikafikiri amepiga moyo konde na kuyaacha.

Mwezi wa tano tangu kikao kile, Mtaalamu aliingia ofisini kwangu na fomu. Kila mwaka kampuni hutuma kwa wenye programu tamko kwamba leseni zote zinatumika sawasawa, nyumba hii ina wapangaji hawa, ile ina wale. Tamko husainiwa na ofisi iliyonunua, yaani mimi. Aliniwekea kidole pale kwenye mstari akasema ni utaratibu tu, ameshakagua mwenyewe. Shemeji alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akisubiri boksi la kebo alilokuja kuchukua. Nilimtazama, kwa mazoea, kama ambavyo nilimtazama kila nilipoletewa karatasi ya kompyuta, naye akatazama nje, kwenye uwanja wa kupakia, ambako hakukuwa na gari. Nikasaini. Akachukua boksi lake akaniambia nimsalimie mdogo wake.

Barua ya ukaguzi ilikuja miezi tisa baadaye. Ilisema kwamba mkaguzi wa leseni atafika baada ya wiki tatu, kulingana na kifungu fulani cha mkataba, na kwamba tumwandalie kumbukumbu zote pamoja na mtu aliyesaini tamko. Mtu aliyesaini tamko ni mimi. Kusaini tamko la uongo kunamfukuzisha mtu kazi kwetu, hata kama hakujua, na mimi nina watoto watatu, wawili wapo shuleni, na nina umri ambao viwanda vingine havipendi. Nilikimbilia chumba cha seva kabla sijamaliza kuisoma.

Alikuwa anamwaga ndoo. Nilimpa barua, akaisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri akanirudishia. Ndipo akafungua kabati akanionyesha mgongo wa lile faili la kijani, lililonona kama kitabu cha dini. Hakunipa nilishike. Aliniambia kwa sauti ya chini, huku viyoyozi vikinguruma, kwamba kila kuhama kwa kila mashine kumo, na kwamba aliyewasha mtambo ule jina lake limo kwenye ukurasa wa kwanza, limeandikwa na mashine zenyewe.

"Usiogope, shemeji," alisema. "Mwache aje. Nimemsubiri sana huyu."

Sijui niseme nini zaidi ya kwamba nilifurahi. Zile wiki tatu nilikuwa natembea kiwandani kama mtu mwenye siri ya sikukuu. Nikimwona Mtaalamu anapita na kikombe chake chenye maandishi, nilikuwa najiambia kunywa, ndugu yangu, kunywa kingali cha moto. Nilijua kwamba atajaribu kunirushia mimi mpira, na nilijua kwamba faili litamrudia usoni. Mke wangu aliniuliza mbona naimba bafuni. Nikamwambia dada yako anakwenda kulipiza, akasema analipiza nini tena jamani, akaendelea kukunja nguo.

Siku ilipofika tulikaa watano kwenye chumba cha mikutano, mkurugenzi, Mtaalamu, shemeji, mimi, na mkaguzi, ambaye alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya kubembeleza, ya namna ile ya daktari kabla hajakuchoma sindano. Hakuchukua muda. Aliweka tamko letu mezani, akaweka kando yake alichokiona kwenye mashine kwa siku mbili za kupima, na vitu hivyo viwili havikufanana. Akauliza aliyesaini ni nani. Nikanyoosha mkono.

Mtaalamu hakusubiri hata niushushe. Alisema kwamba kitaalamu, leseni ni mali ya ofisi ya manunuzi, wao ndio wanaojua masharti ya walichonunua, yeye huendesha mashine tu, na kama manunuzi wangemwambia kwamba kuna sharti, angelifuata. Alisema hivyo akinitazama kwa huruma. Mkurugenzi naye alinigeukia, na nilijua kabisa kwamba kwenye kichwa chake alishaanza kuiandika barua yangu.

Shemeji akaweka faili mezani. Halikutoa sauti kubwa, lakini Mtaalamu alilitazama na nikaona ameshajua ni nini. Shemeji alilifungua ukurasa wa kwanza akasoma. Tarehe fulani, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mtambo wa kuhamisha umewashwa, na jina la aliyeuwasha ni hili. Akageuza. Tarehe fulani, barua ya kukatisha matunzo, saini ni hii. Akageuza. Mashine ya mishahara imetoka ya kwanza kwenda ya tatu. Mashine ya ghala imetoka ya tatu kwenda ya pili. Hakupandisha sauti, hakuharakisha, na kila alipomaliza ukurasa alimsogezea mkaguzi, ambaye alikuwa anatia alama kwa penseli. Mtaalamu alijaribu kusema neno mara mbili, mkurugenzi akamwinulia kidole. Baada ya robo saa shati lile la kubana lilikuwa limemganda mgongoni. Nasema kweli, sijawahi kufurahia jambo maishani kama nilivyoifurahia ile robo saa. Nilitamani asome mpaka jioni.

Mkurugenzi alimkatisha. Hakuonekana kufurahi. Alinyoosha mkono akalichukua faili, akaanza kuperuzi mwenyewe, si zile orodha, bali maandishi ya kalamu yaliyokuwa juu ya kila ukurasa. Alisoma moja, akaruka kadhaa, akasoma jingine. Kisha akavua miwani, safari hii bila kicheko.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Ulijua tangu wiki ya kwanza."

"Nilisema wiki ya kwanza. Mlicheka."

"Ulisema mara moja," mkurugenzi alisema. "Halafu ukakaa miezi kumi na minne unaandika."

Mkurugenzi alinisogezea faili kupitia juu ya meza, limefunguliwa kwenye ukurasa mmoja, akaniambia nisome, pengine linanihusu. Ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ya tamko. Chini ya tarehe, kwa herufi zake nzuri za mtu aliyepiga chapa ujana wake wote, alikuwa ameandika: Leo shemeji amesaini. Nimenyamaza. Naye alicheka.

Nilisoma mara mbili. Ile ya kwanza sikuelewa alicheka nani, ilibidi nirudi nyuma kichwani mpaka kwenye kikao kile, mpaka kwenye yule mbuzi na kamba yake, mpaka kwenye kile kicheko changu kifupi. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama usoni, bila hasira na bila aibu yoyote, kama mtu anayesubiri risiti.

Mtaalamu aliondoka wiki ileile, amebeba fremu yake kwapani. Mimi nilipewa barua ya onyo la mwisho, ikaingia kwenye jalada langu, na ikitokea kosa jingine lolote, hata la gundi, nafunga virago. Shemeji aliachishwa baada ya wiki mbili, kwa kujua na kuficha. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi minne astaafu kwa heshima. Hakukata rufaa. Alikabidhi ufunguo kwa mlinzi wa getini akaondoka kwa miguu, na watu wa kufungasha wanasema alikuwa anatabasamu.

Alikuja nyumbani kwetu Jumapili iliyofuata. Mke wangu alimkaribisha, akampa chai, akatuacha wawili sebuleni kwa makusudi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu siku saba. Yote yakaniruka, nikamuuliza tu kwa nini hakunikonyeza hata jicho siku ile ofisini.

"Ningekukonyeza ungemuuliza swali. Ungemuuliza swali angeshtuka, angezima mtambo," alisema. "Shemeji, wewe huwezi kukaa na jambo dakika mbili."

Hilo ni kweli, na ndilo lililonikera zaidi. Nikamwambia kwamba watoto wangu nusura wakose ada. Akasema haikutokea, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta faili, na alijua tangu mwanzo kwamba akilileta ataanguka nalo, akalileta. Alisema nimshukuru kwa hilo. Nikamuuliza, na ile ya kucheka? Alizungusha kijiko kwenye kikombe.

"Ile iliniuma kuliko ya Mtaalamu. Yeye sikumtafutia kazi kwa undugu."

Hakuomba radhi. Mimi pia sikuomba. Alimaliza chai, akamuaga mdogo wake, na tangu hapo tunasalimiana vizuri tu kwenye shughuli za familia, shemeji hujambo, sijambo shemeji, huku kila mmoja anatazama bega la mwenzake.

Lakini kampuni ilibaki na tatizo. Wenye programu walitupa siku tisini kupanga upya kila mpangaji na leseni yake, kurudisha matunzo, na kuthibitisha kwa maandishi. Hapa kwetu hakuna anayejua chumba kile. Mlinzi ndiye anayemwaga ndoo. Mkurugenzi aliniita juzi akaniagiza nimletee orodha ya wataalamu watatu wa nje, tuchague mmoja wa kufanya kazi hiyo kwa mkataba wa mwaka, na pengine zaidi ya mwaka. Nilipofika mlangoni akaniita tena. Alisema, huku anatafuta kitu kwenye droo, kwamba hata yule mama, nikiona anafaa, nimweke, yeye hatapinga, mambo yameshapoa.

Anafaa. Nani asiyejua kwamba anafaa? Angeimaliza kazi ile kwa wiki tatu, amefumba macho. Na anaitaka. Mke wangu ameniambia kwamba dada yake siku hizi hakai kwenye kiti, anafungua redio na kuifunga tena, na kwamba alisema wakimwita hata kama kibarua atakwenda, wala hataulizia cheo. Amebaki na akiba ya miezi michache tu. Jana jioni mke wangu, akiwa anapiga pasi sare za watoto, aliniuliza kama nasikia lolote kazini, kama wanatafuta mtu. Nilimwambia wanatafuta makampuni, si watu.

Leo asubuhi nimechapa orodha. Kampuni ya kwanza iko mbali na ni ghali. Ya pili imefunguliwa mwaka jana. Ya tatu nimeitoa kwenye kalenda ya ukutani. Nimeipeleka ghorofani mwenyewe, nikasimama mbele ya meza huku mkurugenzi akiisoma juu hadi chini, halafu akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu.

"Hawa ndio wote?"

"Ndio wote," nikamwambia.